Kutega na Kutegua: Usomaji Linganishi wa Mchoro wa Magari ya Vita wa Leonardo na Kiti cha Enzi cha Silaha cha Kester

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha kazi mbili zinazohifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ya kwanza ni mchoro wa magari ya vita uliochorwa na Leonardo da Vinci kati ya mwaka 1485 na 1488 hivi. Ya pili ni Kiti cha Enzi cha Silaha, sanamu iliyoundwa mwaka 2001 na msanii wa Msumbiji, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kester. Inadaiwa hapa kwamba maelezo mawili yaliyozoeleka kuhusu kiti hicho, yaani kwamba ni sanaa ya vitu vilivyookotwa na kwamba ni silaha zilizogeuzwa kuwa sanaa, yanakosa jambo la msingi. Jozi ya vitenzi vya Kiswahili tega na tegua inatoa maelezo bora: kiti hakifuti silaha bali kinaitegua huku kikiiacha ionekane. Kikisomwa hivyo, kiti kinatudai pia tuusome upya mchoro wa Leonardo.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi mahususi vya kuelezea uundaji wa sanamu. Sanamu ya mti au jiwe huchongwa, ya udongo hufinyangwa, na ya madini yaliyoyeyushwa husubiwa. Kila kitenzi kinabeba dhana yake kuhusu malighafi. Anayechonga hupunguza, anayefinyanga huongeza na kukanda, anayesubu huyeyusha na kumimina. Katika njia zote tatu malighafi huchukuliwa kuwa kitu kisicho na historia yake yenyewe, na umbo huanza pale mkono wa msanii unapoanza kazi. Gogo la mpingo halikuwa kitu kingine cha kibinadamu kabla ya kufika kwa mchongaji.

Sanamu za kisasa zinazoundwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika hazikai vizuri chini ya kitenzi chochote kati ya hivi. Malighafi yake imeshawahi kuwa kitu, imeshawahi kuwa na kazi na mwenyewe. Wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili huzieleza kwa kifungu "sanaa ya vitu vilivyookotwa", ambacho ni tafsiri ya istilahi iliyozaliwa katika mijadala ya sanaa ya Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hasa baada ya Marcel Duchamp kuwasilisha chombo cha msalani kama kazi ya sanaa mjini New York mwaka 1917. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa maneno, lakini inaleta dhana ya kuokota mahali ambapo hapakuwa na kuokota. Silaha alizotumia Kester hazikuokotwa njiani. Zilisalimishwa na watu.

Tatizo la pili ni la kimbinu. Kazi ya msanii wa Kiafrika inapowekwa kando ya kazi ya Renaisansi, mara nyingi huwekwa ili ipimwe. Kazi ya Ulaya huwa kipimo, na ya Afrika huwa kinachopimwa. Makala haya yanaanza na mchoro kwa sababu ya mfuatano wa miaka tu. Mwelekeo wa usomaji wenyewe unatoka kwenye kiti na kuurudia mchoro.

2.0 Mchoro: Silaha Kabla ya Chuma

Karatasi ya Leonardo si kubwa, haizidi ukurasa wa daftari la kawaida. Imechorwa kwa kalamu na wino wa kahawia. Sehemu ya juu inaonesha gari la kukokotwa na farasi lililofungwa miundu mirefu inayozunguka kadiri magurudumu yanavyokwenda. Sehemu ya chini inaonesha gari la duara lililofunikwa kwa paa la umbo la pia, lenye mizinga kuzunguka ukingo wake. Gari hilo limechorwa mara mbili: upande mmoja likiwa wazi, ili tuone mikono ya kuzungushia na magurudumu yenye meno yaliyomo ndani, upande mwingine likiwa limefunikwa, likienda kwa kasi, likitimua vumbi na kutoa moshi wa mizinga.

Maandishi yaliyo kwenye karatasi hiyo yamekwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi zilizogeuzwa kama zionekanavyo kwenye kioo, jinsi Leonardo alivyozoea kuandika. Yanaeleza kwamba watu wanane huliendesha gari kutoka ndani, na kwamba linafaa kuvunja safu za adui iwapo litafuatwa na askari. Kuhusu gari la miundu yanatoa tahadhari: linapopita katikati ya watu wa upande wako, inua miundu ili usiwadhuru.

Mchoro huu haukuchorwa nje ya muktadha. Takriban mwaka 1482 Leonardo aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu yake, ambayo haikuandikwa kwa mkono wake mwenyewe, imo katika mkusanyiko uitwao Codex Atlanticus. Barua inaorodhesha ujuzi wake kwa nambari. Madaraja, mizinga, njia za chini ya ardhi na magari yaliyofunikwa yanatangulia. Uchongaji na uchoraji unatajwa katika nambari ya kumi, pamoja na kazi za wakati wa amani. Kwa hiyo mchoro wa gari la vita haukuwa mchezo wa msanii aliyechoka kuchora watakatifu. Ulikuwa sehemu ya bidhaa aliyoitanguliza sokoni.

Imeelezwa mara nyingi kwamba mashine hiyo, kama ilivyochorwa, isingeweza kwenda. Mpangilio wa meno na mikono ya kuzungushia ungefanya magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa mielekeo inayopingana. Wapo wanaodai kwamba Leonardo alikosea kwa makusudi, ama kuficha siri yake ama kwa kuchukia vita. Dai hilo linawapendeza wanaotaka msanii mkubwa awe pia mtu mwema, lakini karatasi yenyewe haitoi ushahidi wa nia. Kinachoonekana ni mstari wenye furaha: vumbi limechorwa kwa mikwaju ya haraka, moshi unapaa, na mbele ya mizinga inayofyatuliwa hakuna mtu. Gari linaupiga uwazi wa karatasi. Adui hajachorwa.

3.0 Kiti: Silaha Baada ya Vita

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, baada ya vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 na kuongozwa na FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Miaka miwili baada ya uhuru vilianza vita vya ndani kati ya serikali na RENAMO, vilivyokoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Silaha zilibaki mikononi mwa watu. Mwaka 1995, Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kuzikusanya. Aliyesalimisha bunduki alipewa chombo cha kazi au cha maisha: jembe, cherehani, baiskeli, vifaa vya ujenzi. Silaha ziliharibiwa zisiweze kutumika tena, na baadhi ya vipande vikapelekwa kwa wasanii wa Núcleo de Arte mjini Maputo. Kester alikuwa mmoja wao.

Kiti chake kina kimo cha takriban mita moja. Miguu, mikono, kikalio na egemeo vyote ni vipande vya bunduki vilivyochomelewa pamoja. Vimo vipande vya silaha zilizotoka Umoja wa Kisovieti, Poland, Chekoslovakia, Korea Kaskazini na Ureno. Hakuna hata kimoja kilichoundwa Msumbiji. Juu kabisa ya egemeo vimesimama vitako vya bunduki mbili aina ya G3, silaha ya jeshi la Ureno katika vita vya ukoloni. Matundu ya parafujo na upenyo wa kupitishia mkanda vinafanya kila kitako kionekane kama uso wenye macho na mdomo unaotabasamu. Kester ameeleza kwamba tabasamu hizo hakuzichonga. Zilikuwamo, naye akachagua vipande vilivyokuwa nazo. Ikiwa katika kazi hii kuna kilichookotwa, basi si bunduki, bali ni huo uso.

Jina la kiti nalo linadai kusomwa. Kwa msemaji wa Kiswahili, kiti ni ishara kamili ya mamlaka, kwani anayeongoza kikao huitwa mwenyekiti hata akiwa amesimama. Katika miji ya mwambao, kiti cha enzi cha mpingo chenye nakshi za pembe za ndovu kiliwekwa kwa ajili ya mgeni mwenye hadhi au mwenye nyumba. Kiti cha Kester kina umbo la heshima hiyo, egemeo refu na mikono miwili, lakini hakimkaribishi yeyote. Kinauliza ni nani aliyekikalia wakati vipande vyake vikiwa bado bunduki.

4.0 Hoja ya Kisarufi: Tega na Tegua

Katika mofolojia ya Kiswahili, kiambishi cha kauli ya kutendua, -u- au -o-, hujenga kitenzi kinachobatilisha matokeo ya kitenzi cha msingi: funga na fungua, panga na pangua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Si kila kitenzi kinachoishia na -ua kimo katika kundi hili, kwani chukua na ungua havina msingi wa namna hiyo. Ndani ya kundi lenyewe kuna sifa moja ya kisemantiki ambayo haijapewa uzito unaostahili: kitenzi cha kutendua hakirudishi hali ya mwanzo. Mlango uliofunguliwa si sawa na pengo lisilowahi kuwa na mlango. Mtu hawezi kufungua kisichofungwa. Kwa hiyo kila kitenzi cha namna hii kinabeba ndani yake, kimofolojia na kimaana, kumbukumbu ya tendo linalotenduliwa. Mzizi haufutiki. Katika fungua, fung- bado ipo na inasikika.

Jozi ya tega na tegua inafaa zaidi kwa mjadala wetu kwa sababu ya upana wa matumizi yake. Mtego hutegwa na huteguliwa. Bomu la ardhini hutegwa na huteguliwa. Kitendawili nacho hutegwa na huteguliwa, na ndiyo maana msikilizaji humwitikia mtambaji kwa kusema "Tega!" Tena kiungo cha mwili hutegukа, yaani huachana na mahali pake. Katika matumizi yote haya, kinachoondolewa ni nguvu iliyofungwa ndani ya kitu, si kitu chenyewe. Mtego ulioteguliwa bado ni mtego unaoonekana. Kitendawili kilichoteguliwa bado kinaweza kusimuliwa. Kilichokwisha ni uwezo wake wa kumnasa msikilizaji.

Kwa mtazamo huu, mchoro wa Leonardo ni kutega. Kila sehemu imepangwa ili nguvu ya watu wanane iliyofichwa ndani itoke kwa ghafla dhidi ya mtu aliye nje. Kiti cha Kester ni kutegua. Mitutu imekatwa, vifyatulio havivuti kitu, magazini hazina risasi. Hata hivyo mtutu unabaki mtutu, na kitako kinabaki kitako. Ufundi wenyewe unathibitisha hilo kwa maneno ya karakana, kwani vitenzi viwili vinavyoueleza, kuchomoa na kuchomelea, vimejengwa juu ya umbo lilelile, -chom-. Msanii amechomoa kipande katika mfumo wa kuua na kukichomelea katika mfumo wa kukalia, bila kukibadilisha kipande.

5.0 Kufua au Kuchomelea

Jina la mradi wa Msumbiji kwa Kireno lilizungumzia kugeuza silaha kuwa majembe, na chanzo chake ni unabii wa Isaya. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili nao walitumia neno jembe, na kitenzi walichokichagua ni kufua. Kufua ni kazi ya mhunzi. Upanga unaingia motoni, unapondwa, na jembe linalotoka halina alama ya upanga. Huo ndio uzuri wa unabii: mkulima wa wakati ujao hatajua kwamba anapalilia kwa chuma kilichowahi kuua.

Kiti cha Kester hakitimizi unabii huo, na thamani yake imo katika kutoutimiza. Kingefuliwa, kingekuwa kiti cha chuma tu, na mtazamaji angepaswa kusoma maelezo ukutani ili ajue asili yake. Kwa kuwa kimechomelewa, asili inaonekana kabla ya maelezo. Simulizi rasmi ya mradi ni ya kugeuza, lakini umbo la kiti ni la kutegua, na mhakiki anayerudia simulizi ya mradi anapitwa na umbo. Tofauti hii si ya kimtindo tu. Kugeuza kunamsamehe aliyeunda silaha, kwa sababu hakuna tena silaha ya kuulizia. Kutegua kunaacha alama za viwanda na nchi zilikotoka.

Historia ya Milan inatoa kinyume chake halisi. Ludovico Sforza alimpa Leonardo kazi ya kuunda sanamu kubwa ya farasi kwa heshima ya baba yake. Kielelezo cha udongo kilikamilika, na shaba ya kuisubia sanamu ikatengwa. Mwaka 1494, tishio la majeshi ya Ufaransa lilipokaribia, Sforza aliipeleka shaba hiyo Ferrara ili itumiwe kuundia mizinga. Wafaransa walipouteka mji mwaka 1499, askari wao walikifanya kile kielelezo cha udongo shabaha ya mishale. Milan, madini ya sanamu yalikwenda kwenye silaha. Maputo, madini ya silaha yalikwenda kwenye sanamu. Lakini safari hizi mbili hazilingani. Shaba iliyeyuka, na hakuna mzinga wa Ferrara uliobeba alama ya farasi. Chuma cha Maputo hakikuyeyuka. Kusubu kunasahau. Kuchomelea kunakumbuka, na kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba kiti kinarudisha tu kile ambacho vita ilichukua.

6.0 Vita Havina Macho

Methali yetu inasema vita havina macho. Kwa kawaida hutumiwa kueleza kwamba vita havichagui wa kumwumiza. Tahadhari ya Leonardo kuhusu kuinua miundu inaonesha kwamba naye alilijua jambo hilo. Katika daftari lake liitwalo Hati B, lililoko Paris, aliandika pia kwamba magari ya namna hiyo mara nyingi yaliwadhuru rafiki sawa na maadui. Hata hivyo, katika mchoro wa London ujuzi huo umebaki katika maandishi. Mstari hauuoni. Paa la gari limefunika watu wanane, mbele hakuna anayekufa, na mtazamaji anaalikwa kustaajabia meno ya magurudumu.

Kester amevipa vita macho. Nyuso mbili zilizo juu ya egemeo zinamtazama kila anayesogea, na tabasamu lao linakera kwa kuwa halina sababu. Kester amesimulia kwamba ndugu zake wawili walipoteza miguu. Tukikumbuka kwamba kiti ni kitu chenye miguu, na kwamba miguu ya kiti hiki imeundwa kwa bunduki, tunaona mahali ambapo kazi hii inagusa mwili bila kuuonesha mwili. Leonardo aliyejua anatomia kuliko wenzake wengi hakuweka mwili mbele ya mizinga yake. Kester asiyechonga hata kiungo kimoja ametuwekea uso na miguu.

7.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kupingwa kwamba hakuna ukoo wa kihistoria unaounganisha mchoro na kiti. Ni kweli. Bunduki ya Kalashnikov haikutokana na gari la Leonardo. Lakini kila kipande cha kiti kilianza kama mstari juu ya karatasi ya msanifu fulani, katika nchi ambayo vita havikupiganwa. Ulinganisho huu unahusu nafasi hiyo ya karatasi: mahali ambapo silaha bado ni safi na adui bado hajachorwa. Makumbusho yanaweka mchoro katika mkusanyiko wa michoro, na kiti katika mkusanyiko wa Afrika. Mgawanyo huo una sababu zake za kiutawala, lakini matokeo yake ni kwamba usanifu wa silaha unasomwa kama akili ya Ulaya, na masalia ya silaha yanasomwa kama historia ya Afrika.

Pingamizi la pili ni kwamba kutegua si tendo la mwisho. Kilichofunguliwa hufungwa tena, na kilichoteguliwa hutegwa tena. Sarufi inakubali, na historia pia. Tangu Oktoba 2017, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Kimwani na Kiswahili vinazungumzwa, umo katika vita vingine, na silaha nyingine zimeingia. Kiti hakikuzuia hilo, wala hakikudai kwamba kingezuia. Wanaokisoma kama ishara ya amani iliyokamilika ndio wanaoaibishwa na Cabo Delgado. Wanaokisoma kama kutegua hawana cha kubatilisha, kwa sababu hawakusema kwamba mzizi umeng'oka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba kazi kama ya Kester zinahitaji istilahi inayotoka katika muundo wa lugha yetu, badala ya tafsiri ya istilahi ya wengine. Inapendekezwa kwamba "sanaa ya vitu vilivyookotwa" ibaki kwa kazi ambazo malighafi yake kweli imeokotwa, na kwamba kazi ambazo malighafi yake ni chombo kilichoondolewa nguvu huku kikibaki na umbo lake ziitwe sanaa ya kutegua. Istilahi hii inamlazimu mhakiki aulize swali ambalo kuokota hakuliulizi: ni nani aliyetega?

Swali hilo ndilo linalourudisha usomaji kwenye karatasi ya Leonardo. Mchoro huo utaendelea kusifiwa kwa ubunifu wake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini aliyekwisha kukitazama kiti hawezi tena kuuona ule uwazi ulio mbele ya mizinga kuwa ni karatasi tupu.